Frank McCourt hakudaiwa na Limerick, alidaiwa na mama yake

Frank McCourt alitoa kitabu chake cha kwanza Septemba 1996 akiwa ametoka tu kutimiza miaka 66, ticha mstaafu wa New York ambaye nje ya madarasa yake hakuna aliyekuwa anamjua kivile. Mwaka uliofuata hicho kitabu, Angela's Ashes (yaani Majivu ya Angela), tawasifu ya utoto wake wa umaskini, kikachukua tuzo ya Pulitzer, kikauzwa mamilioni ya nakala, kikatafsiriwa kwa lugha kibao, na 1999 Alan Parker akakitolea filamu. Halafu kule Limerick, Ireland, alikokulia, watu wakawaka. Sio wote, ila wengi na kwa sauti kubwa: ametupaka matope, ametudhalilisha, amemvua nguo mama yake mzazi mbele ya dunia ili apate hela. Richard Harris, yule mwigizaji mkubwa mzaliwa wa Limerick, naye akaingia kumshambulia. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Limerick kikampa udaktari wa heshima 1997, kwa hiyo unaona mji wenyewe ulikuwa umepasuka katikati.

Nimesoma hoja za pande zote na naona watu wamechanganya kesi mbili ambazo zilitakiwa zisikilizwe kila moja na siku yake. Ipo kesi ya mji na ipo kesi ya mama. Kwenye ile ya mji McCourt simuoni na kosa hata kidogo. Kwenye ile ya mama naona alibaki na deni, na deni lenyewe wala sio lile ambalo Limerick walikuwa wanampigia kelele. Ila huwezi kulielewa bila kupita kwenye maisha yenyewe, na ni maisha marefu.

Baba yake, Malachy, alitoka Toome, County Antrim, kaskazini, na kwa maelezo yake mwenyewe alipigana upande wa IRA ya zamani, lile jeshi la wapigania uhuru wa Ireland, akalazimika kukimbilia Marekani. Mama yake, Angela Sheehan, alikuwa binti wa vichochoro vya Limerick. Wakakutana New York, mimba ikaingia, ndoa ikafungwa haraka haraka na Frank akazaliwa Brooklyn Agosti 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeshaporomoka na kazi hakuna. Akafuata Malachy mdogo, wakafuata mapacha Oliver na Eugene, halafu akaja wa kike, Margaret, ambaye alifariki akiwa bado kichanga kabisa. Kifo kile kilimvunja Angela, akawa mtu wa kulala tu kitandani, watoto wachafu na wana njaa, mpaka binamu zake wa palepale Brooklyn wakaandika barua kwa mama yake Limerick, bibi akatuma nauli na familia nzima ikapanda meli kurudi Ireland mwaka 1934.

Hebu tulia hapo kidogo. Tangu ile njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845, ambayo iliua watu kama milioni moja na kuwaondoa wengine milioni moja hivi, Ireland ilikuwa nchi ya watu kuondoka tu, kila ukoo una mtu New York au Boston au Liverpool, na hali iliendelea hivyo mpaka 1961 jamhuri ilipobaki na watu milioni 2.8, idadi ndogo kuliko zote walizowahi kuhesabu. Sasa hii familia ilienda kinyume na mkondo wote huo. Wakati wenzao wanalia bandarini kuaga, wao wanashuka melini na mabegi yao wanarudi kwenye umaskini ambao kila mtu anaukimbia. Kwa hiyo Frank alikulia Limerick akiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, watoto wa Leamy's National School wanamtania Myanki, na akilini mwake kuna mji mmoja wa mbali ambao ni wake ila hana nauli ya kuufikia. Mimi naamini hii ndio inampa jicho lake. Alikuwa mgeni kwao kabla hajawa mgeni ugenini.

Limerick iliwapokea kwa misiba. Oliver akafa, miezi michache mbele Eugene naye akamfuata kwa nimonia, watoto watatu wamezikwa na Angela bado hajafika miaka 30. Baadaye wakazaliwa Michael na Alphie, wakawa wavulana wanne. Nyumba yao ya Roden Lane ilikuwa imekaa jirani na choo kimoja ambacho kilitumika na kichochoro kizima, kila kaya inakuja kumwaga ndoo mlangoni kwao, na mvua ikinyesha (na Limerick inanyesha haswa) chumba cha chini kinafurika, familia inahamia juu, na huko juu wakapaita Italia manake kulikuwa kukavu na kuna kajoto. Taifodi ikamlaza Frank hospitali akiwa na miaka kumi, padri akampa mpako wa wagonjwa, na humohumo wodini ndio akakutana na Shakespeare mara ya kwanza kupitia kitabu cha historia alichoazimwa na binti mgonjwa wa chumba cha jirani. Anasema mwenyewe kwamba hospitali ile ilimpa shuka safi, chakula kila siku na vitabu, vitu ambavyo nyumbani havikuwepo.

Sasa yule baba. Mzee Malachy ukimuelezea kwa maneno machache unamuona mtu mbaya tu: akipata kazi anaifanya wiki tatu hivi, ikija ile Ijumaa mshahara unaishia baa, Angela na watoto wanazunguka mji mlango kwa mlango kumtafuta, anarudi usiku wa manane anaimba nyimbo za mashujaa, anawaamsha watoto waape kuifia Ireland, na asubuhi kazini haendi kwa hiyo kazi inakufa. Posho ya serikali kwa wasio na kazi nayo akaifanya hivyohivyo. Ila McCourt anakataa kumfunga kwenye hilo boksi. Anasema baba yake alikuwa watu watatu ndani ya mtu mmoja, kama Utatu Mtakatifu: wa asubuhi anayewasha moto, anachemsha chai na kumsomea gazeti, wa jioni anayemsimulia habari za Cuchulain shujaa wa zamani wa Ireland, na wa usiku mwenye harufu ya pombe. Na mtoto anampenda wa asubuhi mpaka anakosa cha kufanya na wa usiku. Naona hapa ndipo kitabu kinapanda daraja, kwa sababu kila mtu aliyelelewa na mlevi anajua hii hali, kwamba chuki ingekuwa rahisi sana kama mtu mwenyewe angekuwa mbaya saa 24.

Kanisa nalo linahitaji nafasi yake, na hapa kuna kitu ambacho msomaji wa Kenya au Tanzania anakiona kwa namna yake. Sisi Ireland tuliijua kupitia watu waliokuja: masista wa Loreto waliofungua shule Nairobi tangu 1921, mapadri wa Roho Mtakatifu, mapadri wa Kiltegan kule Turkana, Wapalotini Mbulu, masista wa Medical Missionaries of Mary kule Makiungu, Singida. Shule nzuri na hospitali nzuri, na wapo watu wengi wako hai leo kwa ajili ya hizo hospitali. Kwenye shule nyingi za Kikatoliki Ireland enzi za utoto wa McCourt kulikuwa na visanduku vya kukusanya senti kwa ajili ya watoto wa Afrika. Halafu unafungua Angela's Ashes unakuta Kanisa hilohilo limesimama mlangoni kwa maskini wake lenyewe na mlango unafungwa. Frank anapelekwa na baba yake akawe mtumikiaji altareni, Kilatini amekariri chote, sakristani anamwangalia anasema hakuna nafasi. Anapelekwa na mama yake kwa Christian Brothers aendelee na shule baada ya msingi, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ameshasema huyu mtoto ana akili asipotee, bradha anafungua mlango, anamtazama, anasema hatuna nafasi na mlango unapigwa usoni mwao. Angela anamwambia mwanae asikubali kamwe mtu amfungie mlango usoni tena. Akatoka shule na miaka 13.

Na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kiliwasaidia kweli, kiliwapa vocha za chakula na makaa na fanicha kuukuu, ila msaada ulikuja na mahojiano, mnapanga foleni, mnaulizwa maswali mbele za watu, mtu anakuja nyumbani kukagua kama kweli nyie ni maskini kiasi hicho. Sijui kama kuna mwandishi aliyeelezea vizuri zaidi yake ile hali ya kupokea kitu unachokihitaji kutoka kwa mtu anayehakikisha unajua kwamba amekupa. Sijasoma hizi kurasa kama mtu wa kuichukia imani, na yeye mwenyewe wala hachukii kila kitu, kuna padri mmoja Mfransisko kwenye kurasa za mwisho mwisho anamsikiliza kijana yule anaungama mambo mazito kabisa na anampa huruma yote, na McCourt anaiandika huruma ile kwa ukamilifu uleule aliouandikia mlango uliofungwa.

Vita ya pili ikaja, Ireland haikuingia, ila viwanda vya silaha Uingereza vilikuwa na njaa ya watu, na wanaume wa vichochoro wakaenda kwa mamia. Jumamosi vijana wa posta wanapita na baiskeli kugawa hawala kutoka kwa mababa, na ghafla kwenye kichochoro kuna nyumba zinanukia nyama, watoto wana viatu, mapazia mapya. Malachy akaenda Coventry. Hawala yake ikaja mara moja, halafu kimya. Angela na wanae wanakaa mlangoni Jumamosi nzima kumsubiri kijana wa telegramu apige kona ya kwao, hapigi. Ndipo unamuona mama yule anaenda kuomba mabaki ya chakula kwenye nyumba ya mapadri, na Frank anapita anamuona mama yake kwenye lile kundi la ombaomba na anashindwa hata kusogea kwa aibu. Mtu akiniuliza kwa nini wakimbizi wa njaa wanaondoka kwao na hawarudi, namwelekeza kwenye zile kurasa.

Akiwa na miaka 14 yeye mwenyewe akawa kijana wa telegramu, Aggie, dada wa mama yake, mwanamke mkali ambaye siku zote alikuwa anawasema vibaya, akamnunulia nguo na viatu vya kuanzia kazi bila kuombwa. Halafu akapata kibarua cha pembeni ambacho nashangaa watu hawakizungumzii vya kutosha. Kulikuwa na mama mmoja mkopeshaji wa riba, wadaiwa wanamsumbua kulipa, akagundua yule kijana anajua kuandika, akamwajiri amuandikie barua za vitisho kwa wadaiwa. Yaani pesa ya kwanza Frank McCourt kulipwa kwa uandishi ilikuwa ya kuwatisha maskini wenzake wa vichochoro vilevile, baadhi ni majirani, na barua zilikuwa kali kweli, na watu walilipa. Aliandika, akajificha, akasikia mama yake na jirani wanailaani barua bila kujua nani kaiandika. Siku mkopeshaji alipofia kitini kwake kijana akachukua hela alizozikuta, akachukua na daftari la madeni akalitupa mto Shannon, madeni ya kichochoro kizima yakazama. Oktoba 1949, na miaka 19, akapanda meli iitwayo Irish Oak kurudi nchi aliyozaliwa. Hela ya kuondokea ilitoka kwenye jasho la maskini wenzake na hakuificha hiyo sehemu. Angeweza kuiruka tu, nani angejua?

New York haikumpokea vizuri pia. Macho yana ugonjwa usiopona, meno mabovu, lafudhi ya Limerick, elimu ya shule ya msingi. Akafanya usafi kwenye ukumbi wa hoteli ya Biltmore, anafagia chini ya miguu ya wanafunzi wa vyuo wenye umri kama wake na anawaonea wivu mpaka inauma, hii iko kwenye kitabu cha pili, 'Tis, cha 1999. Vita ya Korea ikampeleka jeshini, ila akapangwa Ujerumani, Bavaria, kwenye mbwa wa jeshi na makaratasi ya ofisi, na sehemu ya mshahara wake ikawa inakatwa kwenda kwa mama yake Limerick. Alipotoka, ile sheria ya kuwasomesha wanajeshi wa zamani ndio ikamfungulia mlango: akaenda Chuo Kikuu cha New York bila cheti chochote cha sekondari, akawaambia amesoma vitabu, akavitaja, wakampokea kwa majaribio, 1957 akahitimu. Serikali iliyomchukua jeshini ndio iliyomlipia shule, na kwa mtoto wa Roden Lane hakukuwa na njia nyingine yoyote, iwe Ireland iwe Marekani. Wanaomsifia kama mfano wa mtu aliyejitoa mwenyewe kwa bidii wanasahau hiyo sehemu, bidii alikuwa nayo tangu Limerick na haikumfikisha popote.

Machi 1958 akaanza kufundisha Kiingereza McKee, shule ya ufundi kule Staten Island. Siku ya kwanza kabisa mwanafunzi mmoja akarusha sandwichi, ikatua chini, darasa zima linasubiri ticha mpya atafanya nini, na yeye akaiokota akaila. Mtu aliyekulia njaa haachi chakula sakafuni, haikuwa mbinu ya ualimu, lakini darasa likatulia. Wale watoto walikuwa wa mafundi na wabeba mizigo wa bandarini, hawakutaka kusikia sarufi, walichotaka ni kumpotezea muda, ticha tuambie habari za Ireland, na yeye akawa anaingia mtegoni kila siku huku anajilaumu kwamba anaiba mshahara. Kumbe ndio alikuwa anaandika kitabu. Kuna siku akagundua kwamba barua za udhuru anazoletewa, eti zimeandikwa na wazazi, watoto wanazigushi wenyewe na ndio maandishi bora kabisa wanayotoa, yana stori, yana uongo wenye maelezo kamili, akaacha somo akawapa kazi ya kuandika barua ya udhuru kutoka kwa Adamu au Hawa kwenda kwa Mungu. Watoto waliokuwa wanakataa kuandika sentensi mbili wakajaza kurasa. Haya yote yako kwenye kitabu cha tatu, Teacher Man, cha 2005, na walimu wakisoma hicho tu kwa kweli kinawatosha.

Baadaye akafika Stuyvesant, shule ya vipaji maalum Manhattan, akafundisha uandishi mpaka alipostaafu 1987. Kwa hesabu yake mwenyewe alipita mbele ya wanafunzi kama 12,000 ndani ya miaka 30. Huwa nasikia watu wanasema alichelewa, maskini, alipoteza miaka 30 darasani angeandika mapema. Sikubaliani kabisa. Angeandika akiwa na miaka 30 angeandika kitabu cha hasira, na alijaribu kweli, daftari alikuwa nazo miaka yote na hazikwenda popote. Kilichotokea darasani ni kwamba kila stori ya Limerick aliisimulia mara nyingi kwa vijana ambao hawakuwa na adabu ya kujifanya wanasikiliza. Ukilialia wanageuka dirishani. Ukihubiri wanaanza kuchorachora. Ukiweka kichekesho mahali sahihi wanakaa kimya wakisubiri kitakachofuata. Mtihani kama huo hakuna mhariri anayeweza kukupa, na yeye aliufanya mara tano kwa siku.

Halafu ikabaki sauti. Alipokaa kuandika kwa dhati, miaka ya tisini katikati, kwanza alikuwa anaandika kama mzee anayekumbuka, na haikuwa hai. Siku moja akaandika sentensi ya mtoto wa miaka mitatu yuko uwanja wa michezo Brooklyn, kwenye bembea na mdogo wake, na ikawa inatokea sasa hivi, na hapohapo akajua ameipata. Alisema alikuwa pia anamsikiliza mjukuu wake mdogo anavyoongea, jinsi mtoto anavyosema kitu kilivyo na kuendelea mbele. Kitabu kizima kikashika njia hiyo. Mtoto hajui kwamba yeye ni maskini kwa sababu hajaona kingine, hajui kwamba pacha anayelala hivyo amekufa, anaona tu watu wazima wamebadilika. Wewe msomaji ndio unajua, na uzito wote unakushukia wewe. Komunyo ya kwanza anaitapika uani kwa bibi yake, bibi anapiga kelele kwamba Mungu yuko kwenye ua wake, anamrudisha mtoto akaungame na akamuulize padri asafishe kwa maji ya baraka au ya kawaida. Unacheka mpaka machozi, na ukurasa mbele kuna jeneza. Bila kicheko hicho hakuna ambaye angefika mwisho.

Turudi kwenye kesi. Watu wa Limerick walileta ushahidi: kuna picha ya Frank na sare za skauti, skauti wa wapi huyo asiye na viatu? Kuna mtangazaji wa redio aliyeorodhesha makosa kwa makumi. Kuna mzee mmoja aliyetajwa kitabuni kwamba utotoni aliungama kumchungulia dada yake, akasema hana dada. Hilo la mwisho ni kosa la kweli na linaumiza, kumtaja mtu kwa jina lake halafu umbebeshe dhambi ya kubuni sio jambo dogo, na hapo McCourt alistahili kulaumiwa. Ila ukikusanya orodha zote hizo hakuna hata moja iliyosema kwamba vichochoro havikuwepo, au kwamba watoto hawakufa kifua kikuu na nimonia, au kwamba mababa hawakupotelea Coventry. Vilibomolewa, na wengine waliokulia humo waliamua kutovizungumzia, wakajijengea heshima yao juu ya ukimya huo, na mimi naiheshimu heshima hiyo kabisa. Lakini ukimya wao hauwezi kuwa sheria kwa mtu mwingine aliyezika ndugu zake hapohapo. Umaskini ule aliula yeye na njaa yake, mji haukuwa na hatimiliki nao.

Mama ni habari nyingine. Shtaka kubwa la Limerick lilikuwa kuhusu Laman Griffin, binamu yake Angela aliyewapa pa kuishi walipofukuzwa Roden Lane, ambapo Frank anaandika wazi kwamba mama yake alikuwa anapanda darini kwa huyo mwanaume usiku na kwamba ndio ilikuwa kodi ya nyumba. Watu wakasema hiyo ni ya kuzikwa nayo, hata kama kweli. Mimi siafiki kwamba ni ya kuzikwa nayo. Mwanamke mwenye watoto wanne, mume ametoweka, hana kipato, mvua nje, akalipia dari kwa alichonacho, sioni fedheha yake iko wapi, fedheha ni ya waliomuacha mpaka afike hapo.

Angela mwenyewe aliwahi kusema neno. Frank na Malachy mdogo walikuwa na onyesho la jukwaani la stori za utoto wao, A Couple of Blaguards, na inasimuliwa na wanae wenyewe kwamba siku moja alikuwa kwenye hadhira akasimama akapaza sauti kwamba mambo hayakuwa hivyo, ni uongo mtupu. Akafariki Desemba 1981, New York, miaka 15 kabla ya kitabu. Watu wa Limerick wakiitaja hiyo stori wanaitumia kama ushahidi kwamba Frank ni muongo. Mimi naisikia tofauti. Namsikia mtu anayesema hiyo stori mnayoisimulia ni yangu pia na hamjaniuliza.

Maana ukihesabu kurasa utaona. Baba aliyewatelekeza kapewa sura tatu, kapewa asubuhi zake, kapewa Cuchulain, mpaka msomaji anafunga kitabu akiwa bado anamtamani arudi. Mama aliyebaki kapewa sura moja, anakaa mbele ya majivu ya moto uliozimika, sigara ya Woodbine mkononi, anaugua, analia, anaomba. Ana mabishano yake makali na maneno ya kuchekesha hapa na pale, ila hatuingii ndani ya moyo wake. Mtoto wa miaka minane hawezi kuingia ndani ya moyo wa mama yake, sawa, hiyo naielewa, ndio masharti ya ile sauti aliyoichagua. Ila kwenye 'Tis anayesimulia ni mwanaume mzima, Angela amekuja New York mwisho wa 1959 na kubaki, na bado tunamuona kupitia macho ya mtoto aliyekereka, mama anayelalamikia chai ya Marekani, anayenenepa kwenye kochi, anayemfanya mwanae ajisikie na hatia. Baba yao anakuja New York 1963 akidai ameacha pombe na anashuka melini amelewa, na hata hapo yule mzee ana mvuto kwenye ukurasa kuliko mama. Msimulizi mzuri wa stori akapendelewa na msimulizi mwenzake.

Hilo ndilo deni. Jina la kitabu ni lake, majivu ni yake, mpango wa awali ulikuwa kitabu kifike mpaka familia inapopeleka majivu yake kwenye makaburi ya Mungret nje ya Limerick, ila kitabu kikaisha 1949 akiwa bado hai, na maziko yakasukumwa mwisho wa kitabu cha pili chenye jina jingine. Wanae watatu waliandika tawasifu, Frank mwenyewe, Malachy 1998 na A Monk Swimming, na mdogo wao Alphie baadaye. Frank alifariki Julai 2009, New York wakamuenzi kwa kuipa sekondari jina lake. Vyote ni haki yake na zaidi.

Lakini ukiuliza nani hasa kwenye ile familia alikuwa mhamiaji, jibu ni Angela. Alivuka Atlantiki akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, peke yake, baada ya mama yake kumuona hafai hata kwa kazi za ndani. Akaivuka 1934 na watoto wanne wadogo na msiba wa wa tano. Akaivuka tena 1959 na miaka 51, nyumba Limerick ikabaki tupu. Safari ya Frank ya Irish Oak ina sura nzima ya mawimbi na vitabu alivyokuwa anasoma melini. Ile ya kwanza ya Angela, hana kazi, anashuka New York uchumi ukiwa ndio unaanguka, imepita kwa sentensi chache tu mwanzoni mwa kitabu, tayari yuko kwenye sherehe na Malachy anamwangalia.